Impamba Chini ya Kitanda

Dodoma,
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Kwako mume wangu, Baba Deo,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu najua ukivaa miwani kitu cha kwanza unachotafuta kwenye barua ni kama umeheshimiwa. Basi umeheshimiwa. Sasa kaa kwenye kile kiti chenye mgongo, nyoosha mguu, usome pole pole, na usisome kwa sauti.

Goti linaendeleaje? La kushoto najua ni la mvua, nauliza la kulia. Na kifua? Ng'ombe amezaa au bado anatuchezea? Namwomba Mungu ndama awe jike. Na ile migomba ya upande wa bondeni iliyoanza kunyauka, uliing'oa na kuichoma kama bwana shamba alivyosema, au ulisema utaiangalia kwanza? Nakujua wewe kwa kuangalia kwanza.

Sisi huku wazima. Sabina mzima, mume wake mzima, mjukuu wako Neema ana meno yote na anayatumia. Mimi mwili hauna neno, isipokuwa ngozi. Upepo wa Dodoma unakausha mtu. Napaka mafuta asubuhi, ikifika saa nne nimeshakuwa kama niliyetoka kuzoa majivu. Mji ni mzuri, barabara pana, majengo marefu, sikatai. Lakini maji yao yana chumvi. Maharage nayachemsha tangu asubuhi mpaka mchana yananitazama tu. Ndizi zipo sokoni, ila zimetoka mbali na zimefika zimechoka kuliko abiria. Nikizimenya naziambia poleni.

Utaniuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Baba Deo, simu yako si simu, ni kipaza sauti cha kigango. Masikio yako hayaisikii mpaka uweke sauti ya nje, na mtandao haushiki mpaka upande pale kwenye mwinuko wa kwa wifi Leonia, na hata hapo nusu ya siku inadakwa na mtandao wa Burundi. Kwa hiyo neno nikikwambia wewe, dada yako keshalijua kabla yako. Jumapili iliyopita uliposema, "Mama Deo, mvua zikianza kama hujarudi, mimi nafunga nyumba nahamia kwa Deo kule Nyamiaga," nilimsikia wifi nyuma yako akisema, "Mwache huko huko, ameshakuwa mtu wa lami." Na wewe ulicheka. Mimi nikasema "sawa," maana mbele ya watu sikuwa na lingine la kusema.

Lile sawa halikuwa sawa. Wiki nzima nalala nalo naamka nalo. Ndiyo maana nimeomba karatasi.

Bahasha nitaibandika gundi mara mbili. Inakuja kwa basi, Deo ataichukua stendi ya Ngara, na nimemwambia asiifungue. Akiifungua nitajua, mimi ndiye niliyemzaa.

Nilikuja huku kumwogesha mzazi, unakumbuka. Nikakwambia mtoto akikaza shingo narudi. Akakaza shingo. Nikasema akikaa narudi. Akakaa, na Sabina akarudi kazini. Nikasema akitambaa, nikasema akisimama. Sasa anakimbia, anajibu, na juzi amenikataza kukaa kwenye kiti chake. Mvua zimekuja zimeondoka, zimekuja tena zimeondoka, na mimi bado nasema akifanya hivi narudi. Si kwamba nimekusahau. Kila nikimwona Sabina anatoka asubuhi na mafaili kwapani, najisemea, mtoto atamwachia nani? Basi najikuta nimevuka msimu mwingine.

Sasa nikueleze kazi ya Sabina, maana kuna mtu hapo Bugarama alisema, "Amesoma miaka yote ile ili ahesabu mabasi?" Sitamtaja. Ni dada yako. Umweleze taratibu aelewe.

Sabina anafundisha chuoni. Siku moja alisahau funguo nikampelekea, nikamkuta amesimama mbele ya vijana wakubwa wenye ndevu, wote kimya wanaandika anachosema. Nikasimama mlangoni nikakawia kuliko funguo zilivyohitaji. Mmoja akaniuliza, "Mama, unamtafuta nani?" Nikamwambia, "Simtafuti, nimemzaa."

Na nje ya kufundisha anafanya utafiti wa watu wanaosafiri mbali. Kwa nini mtu wa Biharamulo akitaka kwenda Mwanza apande basi na asipande gari dogo. Kwa nini mwingine wa Ngara aombe lifti kwenye lori la mizigo linalotoka mpakani. Kwa nini mwingine asiende kabisa, hata kama mama yake anaumwa. Wakishajua, wanawaambia wakubwa basi liondoke saa ngapi, stendi ijengwe wapi, choo cha stendi kiwe wapi. Muulize wifi, siku ile tumbo lilipomkamata njiani kurudi kutoka Kahama, hakutamani kama mtu angekuwa ameshahesabu mabasi?

Basi wakatuma vijana wa utafiti huko kwetu. Mmoja anaitwa Kabula, Msukuma, ana sauti ya kuitia ng'ombe na moyo mzuri. Wakaanzia Biharamulo, wakaja Nyakanazi, wakafika Ngara mpaka Kabanga pale mabasi yanapopakia. Walikuwa na maswali yameandikwa vizuri. Swali kubwa lilikuwa hili: katika miezi mitatu ijayo una mpango wa kusafiri safari ndefu, na utasafiri kwa chombo gani?

Wakarudi. Wakakaa hapa sebuleni, mimi niko jikoni namenya zile ndizi zangu zilizochoka, mlango uko wazi. Nikasikia Sabina anahema. "Kabula, hii haiwezekani. Karibu kila mtu amejibu hapana. Biharamulo hapana, Ngara hapana. Mliwauliza stendi kweli?"

Kabula akasema, "Dada, nimewauliza stendi. Biharamulo nimemkuta mzee mmoja ana godoro limefungwa kamba, ana kuku kwenye tenga, tiketi mkononi. Nikamwamkia shikamoo, marahaba. Nikamuuliza, mzee, una mpango wa kusafiri? Akasema hapana. Nikamwambia, mzee wangu, na hiyo tiketi? Akaiangalia kama ndiyo kwanza anaiona. Akasema, nimeishikia mtu."

"Na godoro?"

"Nikamuuliza na godoro. Akasema linapigwa jua."

"Na Kabanga?"

"Kabanga kuna mama amekaa ndani ya basi, kwenye siti, kafunga mkanda. Akasema amekuja kuona kama basi ni zuri."

Baba Deo, nilicheka mpaka kisu kikaanguka. Nilikaa chini sakafuni nikacheka. Si kwa ubaya. Niliwaona wale watu. Nilimwona yule mzee na kuku wake kama amesimama mbele yangu, nikasikia hata harufu ya lile tenga. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu nifike huku, na nilipomaliza kucheka nikakuta machozi hayajakoma.

Sabina akaja mlangoni. "Mama, unacheka nini?"

Nikamwambia, "Nawacheka nyie wasomi. Tangu lini mtu wa kwetu akatangaza safari? Safari si mnada. Ukisema unaondoka Alhamisi, kuna jicho linalosikia, kuna mguu utakaoteleza, kuna ng'ombe atakayeugua Jumatano. Mtu anafunga mizigo kimya kimya, anawaaga wawili watatu asubuhi ile ile, anaondoka. Hao watu hawakuwadanganya. Wamejilinda."

Akasema, "Mbona mimi sikulijua hilo?"

Nikamwambia, "Ulikwenda bweni mdogo. Siku unakwenda kidato cha kwanza, unafikiri nani alijua? Baba yako, mimi na Mungu. Wewe mwenyewe tulikwambia asubuhi."

Nikawapa na mfano wako, unisamehe. Nikawaambia ulivyonibeza tulipokuwa wageni kwenye ndoa, ukasema hayo ni mambo ya wazee wa kwetu Biharamulo, ukasimama baada ya misa ukawatangazia watu wote kwamba Alhamisi tunakwenda Biharamulo kwenye harusi ya mdogo wangu. Jumatano furushi la nguo zetu za harusi likaanguka mtoni. Mimi nikaanua nguo zenye matope. Alhamisi gari likaharibikia Nyakahura, tukalala kwenye benchi siku mbili, tukafika kwetu tukakuta wanaosha masufuria. Picha za harusi mimi simo. Tangu siku hiyo wewe ndiye wa kwanza kusema "sijui, tutaona" mtu akikuuliza unakwenda lini. Kabula alicheka akapiga mapaja. Akasema hata kwao Usukumani wapo hivyo, ila alidhani watu wa Kagera wamesoma.

Sasa sikiliza hili, na hili unaweza kulisoma kwa sauti hata wifi akiwepo. Baada ya siku mbili mkubwa wao mwenyewe akaja hapa nyumbani. Profesa, mzee wa mvi, amesoma mpaka nje. Alikuja kwa ajili yangu. Alikaa kwenye kochi, nikampa chai na karanga, akasema, "Mama, Sabina ameniambia. Hebu nieleze. Sasa watu hawa tuwaulizeje?"

Nikamwambia, "Profesa, mtu wa kwetu humuulizi safari. Unamuuliza vinavyoizunguka. Muulize, kuku unamwachia nani? Muulize, nani atakukamulia? Muulize, impamba umeandaa?"

Akauliza impamba ni nini. Nikamwambia ndicho chakula cha njiani, karanga, viazi, ndizi za kuchoma, unachofunga kwenye kitambaa ili usije ukala kwa watu usiowajua. Nimelikuta neno hilo kwenu nilipoolewa na nimelipenda. Nikamwambia, "Mwenye impamba ana safari, hata akikataa."

Akatoa kitabu chake kidogo, akaandika. Kwa kalamu yake mwenyewe, Baba Deo, maneno yangu mimi wa darasa la saba. Akaniuliza, "Mama, ulisoma wapi?" Nikamwambia, "Nilisomea migomba, Bugarama." Akacheka akaomba karanga nyingine. Siku hizi Kabula akiingia ananiita Mwalimu. Sijamkataza.

Wakarudi tena huko na maswali yangu. Kabula anasema pale Biharamulo alimuuliza mama mmoja, "Kuku unamwachia nani?" na yule mama akamweleza yote: kuku anamwachia jirani, jirani naye ana mkono mrefu, mwenyewe anakwenda Kahama kwa binti yake aliyejifungua, anapenda basi fulani kwa sababu dereva wake hapigi honi kwa hasira. Kaongea mpaka basi likawaka. Sabina alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyepata dhahabu.

Nilijisikia mkubwa sana wiki ile. Sikujua kwamba shimo lile nimelichimba mwenyewe.

Jumamosi Sabina alisema anataka kujaribu fomu mpya kabla ya kuichapa. Akaniweka mezani, Neema anacheza chini ya meza. Akavaa sura ya kazi, akawa ananiita "mhojiwa." Nikacheka, nikamwambia uliza.

Akauliza, "Makazi yako ya kawaida ni wapi?"

"Bugarama."

"Mama, fomu inasema mahali ulipokaa zaidi ya nusu mwaka. Hapa inakuwa Dodoma."

"Fomu imesema hivyo. Mimi nimesema Bugarama."

"Mama, ni utaratibu tu." Akaandika Dodoma. Nikamwona anaandika. Ni neno dogo, herufi sita, lakini nilihisi kama mtu ameinua kitanda changu Bugarama akakitoa nje. Nikamwacha aandike. Ni kazi yake.

Akauliza, "Mwaka uliopita umefanya safari ndefu ngapi?"

"Moja."

"Mama, mwaka uliopita hujatoka Dodoma."

"Ndiyo hiyo. Niliyokuja nayo. Haijaisha, mpaka mtu afike kwake."

Akaniangalia, akashusha macho, akaendelea. Labda alidhani natania. Akageuza ukurasa, akafika kwenye maswali yangu mwenyewe. "Ukiondoka, nani anakuangalizia nyumba?" Nikasema, "Baba yako. Ila amechoka kuiangalia." Akauliza, "Impamba umeandaa?"

Nikapangusa meza kwa kiganja.

Nilitaka kusema hapana, kama yule mzee. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Neema aliposikia "impamba" akatoka chini ya meza mbio, akaingia chumbani kwangu. Nikasikia kitu kinaburuzwa. Akatokea anarudi kinyumenyume, analivuta lile begi langu la bluu kutoka chini ya kitanda, anahema, anasema, "Bibi, karanga. Bibi, karanga." Maana ni kweli, huwa nampa humo kidogo mama yake asipokuwepo.

Sabina akafungua zipu.

Nikwambie kilichokuwemo, ni vyako vingi. Sweta lako la kahawia. Dawa ya kuchua goti. Zabibu kavu za huku, za wewe kushangaa. Mbegu ya maharage ya huku, tuone kama yataiva na maji yetu. Kitenge cha wifi, ndiyo, cha wifi, pamoja na mdomo wake. Gauni langu la safari limekunjwa. Na juu kabisa karanga zangu za kukaanga kwenye kitambaa, na pembeni chumvi kwenye karatasi.

Sabina akachukua karanga moja akaitafuna. Akasema, "Mama, hizi ni mpya."

Nikamwambia, "Za Jumanne."

"Begi umelifunga Jumanne?"

Nikasema, "Hapana. Karanga hukaa mwezi tu, zikianza kunuka natoa, nakaanga nyingine."

Halafu akauliza taratibu, si kwa sauti ya fomu, "Tangu lini, mama?"

Nikamwambia, "Tangu mtoto alipoanza kutambaa."

Baba Deo, mtoto wako hakulia kwa sauti. Unajua anavyolia, kama wewe, anaangalia upande. Akasema, "Mwaka mzima nazunguka nawauliza watu wanakwendaje kwao, na wewe uko chumba cha pili. Kwa nini hukusema?"

Nikasema, "Safari haisemwi."

Akasema, "Kwangu mimi pia?"

Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa angeona nimemchoka mjukuu. Na kwamba nikimtazama yeye natamani kukaa, na nikilala nawasikia ndege wa kwetu nyuma ya jiko. Nikamwambia wewe ulisema utafunga nyumba. Hilo hakulijua. Akasema, "Baba kasema hivyo?" Nikasema, "Kwa sauti ya nje."

Akavuta ile fomu. Akakata pale alipoandika Dodoma, mstari mmoja mnyoofu, akaandika juu yake Bugarama. Na lile swali la safari ngapi akaliandikia moja.

Jioni mkwe wetu aliporudi wakazungumza. Mungu ambariki yule kijana, akaniambia, "Mama, ikifika siku tutakukatia ndege mpaka Mwanza, umalizie na basi la huko, usichoke." Wifi asikie hilo: ndege imetajwa nyumba hii, kwa jina langu. Nikamshukuru sana, nikakataa. Akauliza sababu. Sabina akaleta fomu huku anacheka, akasoma: bei, muda, usalama, starehe, chagua. Nikamwambia hapo mimi simo.

Nikamwambia, "Ndege haina Kahama." Maana ukitoka Dodoma asubuhi watu ndani ya basi hawajuani, kila mtu ameshika mkoba wake, Kiswahili kimenyooka kama cha redioni. Unapita Singida, unapita Nzega, bado. Lakini Kahama wanapanda akina mama na ndoo zao, wanakaa nyuma, na ghafla unasikia mtu anamsema mume wake kwa Kihangaza chenu. Unajikuta unatabasamu peke yako. Ukifika Nyakanazi nusu ya basi mmeshagawana impamba, mnaulizana ukoo, mmoja anamjua shemeji yako. Pale unaona ardhi imeanza kuinuka, imeanza kuwa kijani, na harufu ya hewa inabadilika, unafungua kioo hata kama wanasema baridi. Zamani pori la hapo tulilipita na askari mbele kwa ajili ya majambazi, tukisali rozari, na bado nililipenda. Nataka kufika kidogo kidogo hivyo. Ndege ingenitupa tu.

Sabina akaongeza kisanduku kwenye fomu. Kinasema, "kwa ajili ya watu nitakaosafiri nao." Kimetoka kwangu hicho. Ukisikia siku moja redioni wanasema mabasi ya kwetu yameboreshwa, ujue kuna mchango wa nyumba yako.

Sasa nije kwenye jibu, maana najua umeruka mistari ukilitafuta. Rudi usome yote.

Usihamie Nyamiaga. Deo ni mtoto mzuri na mke wake anapika vizuri, lakini wewe ukikaa kwa mwanao wiki mbili utaanza kumfundisha kufunga mlango wake. Na nyumba ikifungwa mchwa wanaambiana. Vumilia. Kula kwa wifi jioni, ukimsifia mboga zake hata kama zina chumvi, lakini ulale kwako. Jiko liwashwe kila siku hata kwa chai tu, mafiga yasipoe.

Kuna habari nyingine, nakwambia kama habari tu. Mama mkwe wa Sabina, yule wa Singida, amesema naye anataka zamu ya kumshika mjukuu, na amefika juzi na mashuka yake. Ni mama mzuri, ana mikono ya upole, Neema ameshamruhusu kukaa kwenye kiti. Nilipoona hivyo nilifurahi, na usiku ule moyo uliniuma, yote mawili. Nitalia njia yoyote nitakayochukua, hilo nimelikubali. Ila Sabina ameniahidi kwamba utafiti wao ukiisha atakuja na mtoto, na atakuja kwa basi.

Usiniulize lini. Unajua. Na kwenye simu ukiniuliza nitasema sijui, na wewe ucheke kama ulivyocheka siku ile, wifi asikie. Akikuuliza nimeandika nini, mwambie nimeuliza habari za ndama.

Ule mkungu ulio nyuma ya jiko, wa ule mgomba nilioupanda mwenyewe, usiukate. Kama umeshaukata, angalia mwingine unaokaribia. Blanketi la mistari litoe kwenye sanduku lipigwe jua. Mtu akiuliza, linapigwa jua. Na lile gogo unalozuilia mlango kwa ndani usiliweke kwa siku hizi, tumia komeo la juu tu, linalosukumika kwa bega. Mimi nikifika huwa nimebeba vitu mikono yote miwili.

Nisalimie Deo na mkwe wetu wa Nyamiaga, waambie bibi hajasahau majina ya watoto wao ila awaone kwanza ndiyo ayataje. Nisalimie dada yangu wa Biharamulo ukipata anayekwenda huko; mwambie nitapita, asiulize lini naye. Katekista msalimie, mwambie nafasi yangu ya benchi la tatu bado ni yangu. Na wifi Leonia msalimie kwa heshima, mwambie mtu wa lami anamkumbuka, hata maneno yake.

Nimeifungua tena barua hii kuongeza neno, ndiyo maana unaona gundi mara tatu. Nilipokuwa narudisha kalamu, Sabina ameingia ameniwekea karatasi ndefu nyembamba ndani ya kitabu cha sala, akatoka akiangalia upande. Nimeisoma. Ina jina la basi na namba ya siti, ya dirishani, upande wa kushoto kama nilivyomwambia.

Si yangu, Baba Deo. Nimeishikia mtu.

Mkeo,
Mama Deo, wa Bugarama